Apatimenti ya chumba kimoja Sinza: uzoefu wangu

Nimehama Tabata Segerea, vyumba viwili na sebule ya kuchezea mpira, nikaingia apatimenti ya chumba kimoja Sinza. Ndugu wanauliza kama kodi ilinishinda. Wapi! Ya huku ni kubwa kuliko ya kule. Nilikuwa natafuta nyumba yenye LUKU yake, choo ndani, na ambayo naweza kutembea kwa miguu mpaka kituo cha mwendokasi cha Shekilango. Ukubwa sikuuhitaji.

Tuanze na hela. Laki tatu na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi ya mjini. Hapo ni Sh 2,450,000 na hata ufagio hujanunua. Huyu dalali hakudai hela ya kunizungusha, nampongeza, ila alianza kwa kunipeleka kwenye nyumba ambazo alijua fika hazina nilichomwambia. "LUKU mnachangia wawili tu," ananiambia, kama vile hilo ni dogo.

Aliyewahi kuchangia LUKU ananielewa. Kule Segerea mita moja, wapangaji watatu. Mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi ya familia nzima usiku, halafu uniti zikiisha kila mtu yuko kimya chumbani kwake anasubiri mwenzake akanunue. Huwezi kubana matumizi katika hali hiyo, maana unachookoa wewe anakitumia jirani. Sasa mita ni yangu, rimoti yake iko ukutani karibu na mlango, na kila nikipita naitupia jicho. Elfu kumi kwa tarifa ya kawaida hainipi hata uniti thelathini, na kodi ya majengo nayo inakatwa humo humo tangu Agosti 2021, kwa hiyo kila kifaa nimekijua tabia. Mlaji mkubwa alikuwa hita ya bafuni. Dar hii na joto lake, maji ya moto ya nini? Nimeizima, labda Julai nitaifikiria. Nguo nazipiga pasi zote Jumapili. Kupika ni gesi.

Kuhama kwenyewe kulikuwa rahisi kwa sababu vitu vingi havikuja. Sofa seti niliiuza huko huko mtaani. Kazi ilikuwa kabati la vyombo. Lile la vioo, mnalijua: ndani kuna seti ya chai yenye mistari ya dhahabu ambayo haijawahi kuonja chai, na mabakuli ya wageni, mengine bado yana stika ya bei chini. Shangazi alipogundua naliuza alinipigia simu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Sasa mwanangu, mgeni akija umkalishe wapi, kichwani?" Seti ya chai nikampa yeye, akatulia. Vilivyobaki vilienea kwenye kirikuu kwa safari moja, elfu sitini pamoja na vijana wa kubeba.

Tangu hapo hakiingii kitu ndani kabla sijajua kitakaa wapi. Nilikwenda Keko kuchongesha meza ya watu wawili, ya kukunjwa ukutani. Fundi alinitazama kwa huruma, akanionyesha ya viti sita "kwa bei ya kishkaji". Nikashikilia yangu, na nimefurahi, maana sebule inapitika. Shangazi alikuja kunitembelea, akalala kitandani, mimi nikatandika godoro chini, na asubuhi akaomba abaki siku nyingine.

Sasa kasoro. Pampu ya maji iko kwenye LUKU ya ngazini, tunayoichangia pamoja na mlinzi na taka, elfu ishirini kila nyumba. Kwa hiyo ule ugomvi niliodhani nimeuacha Segerea umenifuata kidogo: asipochanga mmoja, simtanki la juu halijai. Ijumaa na Jumamosi muziki wa baa unaingia mpaka kwenye mto, ukiwa na usingizi mwepesi Sinza usije. Kamba za kuanikia ziko juu ya paa, chache, ukichelewa unaanika dirishani.

Kwa mtu mmoja, au wawili ambao bado hawana mtoto, naipa alama nane kwa kumi. Mwenye watoto abaki Segerea, kule kuna uwanja.

Ukienda kuangalia nyumba ya aina hii, omba namba ya mita ununue umeme wa elfu mbili hapo hapo ukiwa na dalali. Kama mpangaji aliyetoka ameacha deni, utaliona likikatwa. Na nenda saa moja asubuhi, jengo zima likiwa linaoga, ufungue bomba la bafuni. Saa nane mchana kila bomba lina presha.