Tovuti iliyomwoza Mama Kayai kwa Mzee Ojwang'

Nimekuwa nikilipia tovuti hii ya wasifu wa waigizaji kwa muda sasa, kwa sababu kazi yangu ya kuandaa vipindi vya redio hunilazimu kuhakikisha majina na miaka kabla mtangazaji hajakabidhiwa karatasi ya kusoma. Sitaitaja jina, maana sitafuti ugomvi, ingawa wao ndio walioanza.

Majuzi nilifungua ukurasa wa Mama Kayai, yaani Mary Khavere, ambaye yeyote aliyekulia Kenya mbele ya runinga anamjua kutokana na Vitimbi, kipindi cha vichekesho, tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo la utangazaji halijawa KBC mwaka 1989. Aya ya pili ilitangaza bila kigugumizi kwamba yeye ni mjane wa Mzee Ojwang'. Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang' wetu, alifariki Julai 2015, na ni kweli kwamba katika mchezo wawili hao walikuwa mke na mume, tena wa kuzozana kila wiki. Lakini nje ya kamera hawakuwa wameoana, na mama huyo amelieleza jambo hilo mwenyewe katika mahojiano. Watazamaji wengi waliiamini ndoa ile, kama walivyoamini kwamba Wanjau alikuwa Mjaluo ilhali alikuwa Mkikuyu. Mtazamaji hana kosa, kwani ameshikwa na ufundi wa waigizaji. Anayelipwa kuhakiki ana udhuru gani?

Kando ya sentensi hiyo palikuwa na kitarakimu cha kuonyesha chanzo. Nilipokibonyeza, kilinipeleka kwenye habari ya burudani yenye sentensi ileile, neno kwa neno, hata jina likiwa limeandikwa "Kavere" bila h kama kwenye ukurasa wenyewe, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, mwandishi ameishukuru tovuti hiyohiyo kwa maelezo. Kwa hiyo tovuti inalitegemea gazeti, na gazeti linaitegemea tovuti, na katikati hapana mtu aliyemwuliza mhusika.

Niliwaandikia kwa adabu zote. Jibu la mhariri lilikuwa hili: "Dada, sisi tunafanya kazi na vyanzo, si kumbukumbu za utotoni. Ukipata chanzo, karibu tena." Nilikuwa nimemwekea mahojiano, nikamwonyesha na dakika ya kusikiliza. Nina hakika hakuyafungua, na ile "karibu tena" imenichoma kuliko kosa lenyewe.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wanaiweza kazi hii wakitaka. Ukurasa wao wa Betty White, mchekeshaji wa Marekani, ni wa kupigiwa mfano: wameandika kwamba alizaliwa Oak Park, Illinois, tarehe 17 Januari 1922, wakasisitiza kwamba aliitwa Betty tangu kuzaliwa, wala si kifupi cha Elizabeth kama wengi wanavyodhani, na wakaeleza kwamba alifariki 31 Desemba 2021, siku chache kabla ya kutimiza miaka 100, hali gazeti la People lilikwisha kutoa toleo la kumsherehekea. Nimeusoma ukurasa huo kwa raha, na kwa ajili yake peke yake ningewapa nyota nne. Lakini bibi wa Illinois anahakikiwa hadi jina la ubatizo, na mama wa Vitimbi anaozwa na watu ambao hawakumwuliza! Basi nyota nne hizo nazirudisha mfukoni.

Nilikwisha kuamua kufuta usajili wangu, kisha juzi nikaona ile aya ya pili imesafishwa kimyakimya, bila shukrani wala samahani, na h imerejea mahali pake. Nikalegea kidogo, nikaanza hata kuwatetea mbele ya wenzangu, kwamba pengine mhariri yule alikuwa na siku mbaya. Halafu nikateremsha macho kwenye kisanduku cha pembeni, chini ya picha, panapoorodheshwa kazi, uraia na familia. Bado pameandikwa: "Mwenzi: Benson Wanjau (hadi 2015)."

Nyota moja, na hiyo ni ya Betty White.