Programu iliyofuta mipaka ya mhimili wa grafu yangu mbele ya msimamizi

Nimeitumia programu hii ya kulipia ya kuchambua data kwa miaka miwili hivi, na lau ningeandika maoni haya majuma machache yaliyopita, ningeisifu bila kusita. Nawaandikia wenzangu mnaochora grafu za vipimo hapa Uganda.

Kazi yangu ni vipimo vya usawa wa maji ya Ziwa Victoria katika kituo cha Jinja. Namba zake hucheza kati ya mita 10 na 14, na maana yote imo humo: kilele cha 1964 kilifika mita 13.41, cha Mei 2020 kikafika 13.42. Mhimili wima ukianzia sifuri, hata mafuriko yaliyowahamisha watu ufukweni yanakuwa kijikunjo kidogo tu. Ndiyo maana niliandika kwa mkono wangu 10 chini na 14 juu, nikahifadhi faili, nikalala.

Asubuhi yake, katika chumba cha mkutano kule Entebbe, niliongeza vipimo vya mwezi mmoja uliokuwa umebaki. Programu ikafuta mipaka yangu bila kuniuliza, ikajipangia yake. Katika data hiyo mpya mlikuwa na siku moja isiyo na kipimo, iliyoandikwa -9999 kama tulivyozoea. Programu ikaihesabu kuwa usawa wa ziwa na kuushusha mhimili hadi -10000. Miongo yote ya ziwa ikawa mstari mmoja uliobanwa ukingoni juu, ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na mwiba mmoja ukizama hadi chini. Msimamizi wangu, mama mpole asiyewahi kunipandishia sauti, akaniuliza mbele ya wote, "Mwanangu, una hakika na data yako?" Swali hilo bado linaniuma, kwa sababu hakika ninayo.

Nakubali kwamba ile -9999 nilipaswa kuitangaza mapema kuwa ni pengo. Lakini mipaka niliyoiandika kwa mkono ni uamuzi wa mtafiti, na programu haina ruhusa ya kuutengua.

Niliwaandikia wahudumu wao, nikaambatisha picha mbili. Baada ya siku kadhaa likaja jibu la mstari mmoja: "Ndugu mteja, tafadhali soma mwongozo." Nimeusoma wote. Kipo kisanduku cha kufunga mipaka, kimefichwa ndani kabisa ya menyu, na kinashika kweli, hadi utakapofungua faili upya.

Kwa haki, katika kutafuta mstari wa hesabu unaolingana na data sijaona inayoishinda, na nilikaa kuandika nikikusudia kuipa nyota tatu. Nikilikumbuka jibu lile, naipa moja.

Grafu nimeichora upya kwa gnuplot, programu ya kuchora grafu isiyodai hata shilingi: set yrange [10:14], amri moja, na mipaka ikabaki palepale kila nilipoongeza data. Nimempelekea mama yule nakala iliyochapishwa, vilele vyote viwili vikionekana.