Uzoefu wangu na seti ya spea za kabureta kwenye Yamaha DT125 ya zamani

Nimetumia seti ya bei nafuu ya kukarabati kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), ile inayouzwa ndani ya kifuko cha nailoni kisicho na jina la kiwanda, kwenye Yamaha DT125 ya mipigo miwili ambayo umri wake unawazidi vijana wengi wanaoendesha bodaboda hapa Iringa. Seti hiyo niliagiza Kariakoo ikaletwa kwa basi. Baada ya kuifunga na kuiendesha, naona inafaa kununuliwa kwa ajili ya mipira na gasketi zake, lakini jeti zake (vipande vidogo vyenye tundu la kupimia petroli) na sindano yake ndefu, vyote vya shaba, havistahili kuchukua nafasi ya zile zilizokuja na kabureta ya Mikuni kutoka kiwandani.

Pikipiki ilikuwa ikidondosha petroli chini ya kabureta kila nilipoiegesha bila kufunga koki. Injini ikishapata moto haikukaa sailensa, yaani haikuunguruma kwa utulivu bila kuvutwa mafuta, na katika kupanda kutoka Ipogolo kuelekea mjini ilikohoa na kutoa moshi mzito mara tu nilipovuta mafuta hadi nusu. Plagi ilitoka nyeusi, imejaa masizi, dalili ya petroli kuzidi hewa.

Kabla ya kununua spea yoyote nilikagua vitu visivyo na gharama, na ningemshauri kila mwenye pikipiki ya zamani afanye hivyo hata kama fundi wake ana haraka ya kushika bisibisi. Tundu la hewa la mfuniko wa tangi likiziba, pikipiki huenda kilometa chache kisha huzima kana kwamba mafuta yamekwisha, na ukifungua mfuniko unasikia hewa ikiingia ndani, halafu injini huwaka tena. Watu wengi wamefumua kabureta nzima kwa sababu ya tundu hilo. Langu lilikuwa wazi. Chujio la hewa lilikuwa na vumbi, nikalisafisha. Kisha nilinyunyiza maji kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda wakati injini inaunguruma, kwa kuwa mpira ukipasuka mlio hubadilika maji yanapofika kwenye ufa. Kwa injini ya mipigo miwili jaribio hili lisirukwe, maana hewa ya wizi hupunguza petroli kwenye mchanganyiko, joto hupanda, na pistoni inaweza kunata ndani ya silinda.

Kilichobaki kilikuwa kabureta yenyewe. Sindano ya floti ya zamani (floti ni boya linalopanda na petroli kwenye bakuli la kabureta na kuisukuma sindano ifunge njia ya mafuta), nilipoitazama ncha yake kwenye mwanga, ilikuwa na mfereji mwembamba uliozunguka mpira wote, mahali inapokutana na kiti chake, na hapo ndipo petroli ilipokuwa ikipenya na kufurika. Sindano mpya ya kwenye seti ilikaa vizuri. Niliigeuza kabureta juu chini ili floti iibane kwa uzito wake, nikapuliza kwa mdomo kwenye njia ya mafuta, na hewa haikupita. Kimo cha floti nilikipanga kwa kufuata kitabu cha pikipiki, kwa sababu floti ikikaa juu kuliko inavyotakiwa petroli hufurika hata kama sindano ni mpya. Gasketi ya bakuli ilihitaji kukatwa kidogo pembeni, lakini haivuji. Hadi hapo sikuwa na malalamiko.

Malalamiko yalianzia kwenye jeti. Jeti kubwa ya kwenye seti ilichongwa namba ileile ya jeti yangu ya zamani, ila haikuwa na ile alama ya mraba ndani ya mraba iliyo kwenye jeti halisi za Mikuni, na nilipoziinua zote mbili kuelekea dirishani, tundu la ile mpya lilikuwa na kingo zenye mabaki ya kukerezwa. Niliifunga ili nijiridhishe. Sailensa haikuharibika, kwani hapo kazi ni ya jeti ndogo, lakini nilipovuta mafuta yote injini ilikuwa nzito kuliko awali. Niliporudisha jeti ya zamani, baada ya kuilowesha kwenye dawa ya kusafishia kabureta na kuipuliza kwa kompresa, uzito ule uliondoka. Narudia neno kupuliza, kwa sababu bado wapo mafundi wanaochokonoa jeti kwa waya, na waya hutanua tundu ambalo kipimo chake ni cha sehemu ndogo sana za milimita.

Sindano ndefu ya kwenye seti, ile inayopanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta, nayo ilianza kuchongoka mahali tofauti na ile ya zamani, hivyo sikuifunga kabisa. Niliendelea na ya zamani, nikapandisha kibanio chake mfuo mmoja ili sindano ishuke na kupunguza petroli katikati ya mvuto. Pikipiki hii ilitoka Dar es Salaam, na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo mpangilio uliofaa pwani hapa huwa na petroli nyingi mno. Hakuna seti ya spea inayoweza kutibu jambo hilo.

Upungufu mkubwa zaidi ni kitu ambacho hakimo kabisa kwenye kifuko: mpira wa choki, ile inayoongeza petroli wakati wa kuwasha injini baridi. Kabureta hii haina kibao cha kuziba hewa. Choki yake ni kijipistoni chenye mpira chini, kinachofungua njia ya pembeni ya petroli. Mpira huo ukichakaa, choki inabaki kama imefunguliwa kidogo siku zote, na hakuna skrubu itakayonyoosha sailensa. Niliununua peke yake, na baada ya hapo ndipo skrubu ya hewa, ambayo kwenye kabureta hii iko upande wa chujio na hupunguza hewa ukiikaza, ilipoanza kuitikia.

Kama muuzaji wako anakubali kuuza sindano ya floti, gasketi na mpira wa choki mojamoja, chukua hivyo na uache seti nzima. Jeti zako zikiwa zimeshachokonolewa, agiza za Mikuni halisi kwa namba iliyo kwenye kitabu, hata kama bei yake inazidi ya kifuko kizima.