Mafunzo ya wakuu wa idara za uhasibu: mtaala umetendewa haki, wahadhiri wamesahauliwa

Nilijiandikisha katika mafunzo haya ya mtandaoni ya wiki sita, yanayowalenga wakuu wa idara za uhasibu vyuoni, kwa sababu idara ninayoiongoza ilikuwa imefika pabaya: waombaji wa mwaka wa kwanza walikuwa wamepungua, wahadhiri wawili walikuwa wamehamia kwenye kampuni za ukaguzi wa hesabu, na waliobaki walikuwa wakigawana masomo yasiyo ya fani zao. Waandaaji waliahidi kumvusha mkuu wa idara katika kipindi cha namna hiyo. Ahadi hiyo wameitimiza nusu, ingawa nusu yenyewe ni nzuri kuliko nilivyotarajia.

Sehemu iliyonifaa zaidi ni ya mtaala. Mwezeshaji alianza na IFRS 18, kiwango cha kimataifa cha kupanga taarifa za fedha, kilichotolewa Aprili 2024 kuchukua nafasi ya kiwango cha awali, IAS 1, na kinachohusu vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 au baadaye, kisha akauliza: mwanafunzi aliyeingia chuoni mwaka 2024 kwa shahada ya miaka mitatu atahitimu akiujua muundo upi wa taarifa ya faida na hasara? Kwa kuwa mabadiliko ya mtaala hupitia idarani, kwenye kitivo na kwenye seneti kabla ya kufika darasani, wengi wetu tulihesabu miezi na kujikuta tumeshachelewa. Ushauri wake ulikuwa kwamba maelezo rasmi ya somo yataje ujuzi anaopaswa kuupata mwanafunzi, yasitaje namba ya kiwango, ili mhadhiri aweze kubadilisha maudhui bila kusubiri kikao cha seneti. Kwa njia hiyo nimeweza kuingiza IFRS S1 na S2, viwango vya taarifa za uendelevu vilivyotolewa Juni 2023, ndani ya somo lililokuwepo, badala ya kuomba somo jipya ambalo nisingekuwa na mtu wa kulifundisha.

Kipindi cha akili mnemba nacho kilikuwa na thamani, hasa kwa sababu hakikuwa na hotuba. Programu ilipewa swali la kupatanisha salio la benki na daftari la fedha, nayo ikatoa jibu lililopangwa vizuri sana, ila hundi ambazo hazijawasilishwa benki iliziongeza kwenye salio la taarifa ya benki badala ya kuzitoa. Tulikaa kama nusu saa tukijadili namna ya kutunga mtihani ambao alama zake zinatoka kwenye kulitambua kosa kama hilo na kulieleza. Swali la aina hiyo nimelitumia tangu wakati huo, na nakiri kwamba kulisahihisha kunachosha.

Kuhusu wahadhiri, mafunzo yalikwama. Kuondoka kwao kulielezwa kana kwamba ni suala la hamasa, tukashauriwa kuwapongeza hadharani na kuwasikiliza zaidi, ilhali mhasibu mwenye cheti cha taaluma anaufahamu vizuri ujira anaoweza kuupata nje ya chuo na haitaji mtu wa kumkokotolea. Nilipouliza jinsi ya kumpunguzia mzigo wa vipindi mhadhiri anayemalizia shahada ya uzamivu bila kumwelemeza mwenzake, nilijibiwa kwamba hilo linategemea chuo. Bila shaka linategemea chuo, lakini ndilo lililotupeleka pale.

Upungufu wa wanafunzi pia ulichambuliwa kwa jicho moja. Muda mwingi ulitumika kwenye sharti la Marekani la saa 150 za masomo ya chuo (za krediti, si za saa ya ukutani) kwa anayetaka leseni ya CPA, yaani ya mhasibu wa umma aliyethibitishwa, sharti ambalo baadhi ya majimbo yameanza kulifungulia njia mbadala. Mjadala ni halali, ila hausaidii sana idara zilizo nje ya mfumo huo, na baadhi yetu tulikuwa tunatoka katika idara hizo.

Mengine ni madogo: sauti ilikatika mara kwa mara katika wiki ya pili, na violezo vya ratiba vilikuja katika faili zisizoharirika, jambo la ajabu kwa mafunzo ya wahasibu. Mkuu wa idara anayekaribia mapitio ya mtaala ajiandikishe mapema, ikiwezekana mwaka mzima kabla ya mapitio. Anayetafuta namna ya kuwabakiza wahadhiri wake atapata manufaa zaidi kwa kukaa na ofisa rasilimali watu wa chuo chake, akiwa na jedwali la mizigo ya vipindi mkononi.