Niliandika "nisipimwe uzito", wakanipima mbele za watu

Fomu ya kujiunga na jimu hii ina swali linalosema: "Je, una tatizo lolote la kiafya ambalo kocha anapaswa kulijua?" Wamekuwekea mistari mitatu ya kujibia. Niliijaza yote mitatu, nikaendelea pembeni: nimepona anoreksia (ugonjwa wa kuogopa kula), nimekuwa mikononi mwa daktari na afisa lishe kwa muda mrefu, nimeruhusiwa mazoezi mepesi, naomba nisipimwe uzito wala nisitajiwe. Neno "nisipimwe" nililipigia mstari mara mbili. Kalamu ya pale mapokezi ilikuwa inakata wino, nikawa narudia hadi karatasi ikatoboka. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu baadaye meneja aliniambia, "Lakini dada, hukusema."

Ni jimu ya huku kwetu Dar, ghorofani juu ya maduka. Jina silitaji. Bei, saa za kufungua, wana vyuma vingapi, hayo mtayaona wenyewe mkifika. Mimi nina jambo moja tu la kusema, nalo ni ile mashine iliyo karibu na mlango.

Inafanana na mzani mkubwa uliofungwa mikono miwili. Unavua viatu na soksi, unakanyaga vibao viwili vya chuma, unashika vile vishikio, unatulia. Vile vibao vilikuwa na unyevunyevu wa nyayo za mtu aliyetangulia. Kocha aliyenipokea, kijana tu, mchangamfu, akasema, "Panda dada, dakika moja, hii ndiyo inatupa picha." Nikamwambia nimeandika kwenye fomu kwamba sipimwi. Akajibu, "Fomu ni ya ofisini hiyo, hapa ni kwa kocha."

Nilipaswa kugeuka niondoke. Nilipanda. Nyuma yangu kulikuwa na watu wawili wanasubiri, na mimi nimelelewa nisimwaibishe mtu kazini kwake. Nimeliwaza hilo mara nyingi tangu siku ile na bado linanichoma.

Ikatoka karatasi ndefu kama risiti ya dukani. Angeweza kunikabidhi nikaikunja, nikaenda zangu. Akaisoma. Akaisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mechi: "Aisee! Dada una miaka 27, mwili wako una miaka 51! Umetaboli wako umelala fofofo!" Kina mama waliokuwa kwenye baiskeli wakageuka. Kaka mmoja akateremsha chuma chake chini, akatulia kusikiliza. Halafu kocha akachukua kalamu, akanigusa nayo tumboni, juu ya fulana, akasema, "Na huyu hapa ndiye adui."

Dawa alizonipa zikafuata hapo hapo: niache ugali kabisa, nisile usiku, niwe nakuja alfajiri tumbo tupu nikimbie, na kuna majani ya chai wanayauza, yako kwenye droo ya kaunta. Kila alichonitajia nilikuwa nakijua kuliko yeye. Ndivyo vitu vilivyonilaza wodini.

Kwa asiyejua: miaka kadhaa iliyopita nilikonda hadi watu wa mtaani wakaacha kuniuliza mimi, wakawa wanamuuliza mama. Huku kwetu mtu akikonda haulizwi kuhusu chakula. Anadhaniwa ana kifua kikuu, ana sukari, ana ule ugonjwa ambao hawautaji jina, au karogwa. Shangazi yangu alinipeleka kuombewa mara tatu. Hakuna aliyejua kwamba kuna ugonjwa ambao chakula kipo mezani na mtu anakiogopa. Aliyeujua ni daktari mmoja aliyeacha kunisomea vipimo vya damu, akavuta kiti, akaniuliza nilikula nini jana. Kupona kulichukua muda mrefu kuliko kuugua. Nilipoanza kunawiri, mama aliwanunulia majirani soda. Nauli ya daladala kwenda kliniki peke yake naweza kusema ilikula kiwanja. Sasa ule mwili ambao nyumba nzima iliupigania, mtu niliyemlipa ada yangu ananigusa kwa kalamu anauita adui.

Jioni ile mama alipika ugali na dagaa wa nazi. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. Nikanawa, nikakaa, nikakata tonge, nikalifinya. Nikalifinya tena. Nikalirudisha ukingoni mwa sahani, nikakata jingine dogo zaidi. Hesabu zilikuwa zimeanza zenyewe kichwani, zile ambazo nilidhani nimezizika. Mama hakusema kitu. Alichukua lile tonge nililolirudisha, akalichovya kwenye mchuzi, akala yeye, akanisogezea bakuli la dagaa. Nilikula nusu. Usiku sikulala, na asubuhi nilimpigia simu afisa lishe wangu kabla hata ya kupiga mswaki.

Yeye ndiye anayenifanya leo niandike kwa hasira badala ya kuandika kwa aibu. Alinieleza mashine ile inafanya nini. Inapitisha umeme mdogo sana mwilini. Misuli ina maji mengi, umeme unapita kirahisi, mafuta yanauzuia. Kutokana na hapo mashine inakisia. Ukiwa umekunywa maji mengi au hujanywa, uwe siku zako, uwe umetoka kula, namba zinacheza. Na huo umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, haupimwi pale hata kidogo: unapigwa kwa fomula, juu ya kitu ambacho nacho kimekisiwa. Kuupima kweli kunahitaji kupima pumzi za mtu aliyelala ametulia, oksijeni anayoitumia. Huo "umri" nao ni namba yako imewekwa kando ya wastani wa watu wa rika fulani, basi. Hakuna saa ndani ya tumbo langu inayosoma 51.

Na tumbo lenyewe? Alikwisha kunionya tangu wodini kwamba mtu akitoka kwenye anoreksia mafuta hutangulia kukaa kiunoni na tumboni, misuli inachelewa, na yanahitaji muda mrefu wa kula vizuri, hata mwaka na zaidi, ndipo yagawanyike. Hiyo ni hatua ya kupona. Mtu akiikatiza kwa kujinyima anarudi alikotoka.

Anapenda kusema mwili ulionyimwa chakula hubana matumizi kama nyumba ambayo mshahara umekatika. Mapigo ya moyo yanashuka, vidole vinakuwa baridi hata hapa Dar mwezi wa pili, siku za mwezi zinasimama, mifupa inachotwa madini yake. Chakula kikirudi, mwili hauamini siku hiyo hiyo. Wakati mwingine unafanya kinyume chake, unawaka. Nilipoanza kula kweli nilikuwa naamka shuka limelowa, feni inazunguka juu yangu, mama ananibadilishia foronya usiku wa manane. Huo ndio umetaboli uliolala fofofo?

Ni huyo huyo afisa lishe aliyenisimulia zamani kuhusu wanaume 36 wa Minnesota, Marekani. Vita vya pili vilikuwa vinaelekea ukingoni, 1944 kuingia 1945, na vijana hao waliokataa kubeba silaha kwa imani zao walijitolea washindishwe njaa ya nusu tumbo kwa wiki 24, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wanakufa njaa. Walikuwa wazima wa afya. Wakawa wanahisi baridi, mioyo ikapunguza mapigo, kasi ya miili yao kutumia nishati ikashuka kwa karibu asilimia 40. Na wakaanza kusoma vitabu vya mapishi. Aliponiambia hilo nililia, kwa sababu nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa natazama video za mapishi ya pilau usiku kucha na asubuhi sili. Chakula kiliporudi, baadhi yao walikula hadi tumbo likajaa na njaa ikabaki pale pale. Mafuta yakarudi kabla ya misuli. Ilichukua miezi mingi miili ikatulia. Hawakuwa wavivu wale. Hawakuwa na miili ya wazee.

Sasa hapo juu ya mashine, ukutani, wamebandika chati ya BMI, ile hesabu ya uzito kwa urefu wa mtu, kijani, njano, nyekundu. Profesa aliyesimamia jaribio la Minnesota, Ancel Keys, ndiye huyo huyo aliyeipa BMI jina lake mwaka 1972. Hesabu yenyewe ilitoka kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet, karne ya 19, aliyekuwa anatafuta wastani wa watu wengi, wala hakuwa anamhukumu mtu mmoja aliyesimama peku mlangoni. Wamechukua chati, wamebandika. Kile alichokigundua mzee Keys kuhusu njaa hakuna aliyekisoma.

Nilirudi kwa meneja. Ndipo nikaambiwa hukusema. Nikamwomba afungue faili langu. Alifungua, akasoma, akasoma tena, nikaona jicho lake limefika kwenye pale palipotoboka. Akasema, "Ila kipimo ni huduma ya bure dada, wenzako wanakililia." Hela yangu ya mwezi hairudi. Akasema pole, lakini aliisema anatazama simu.

Ningeishia hapo, nyota moja, kwaheri. Lakini nitakuwa sijasema kweli yote.

Yule kocha alinifuata ngazini. Alisema hajawahi kupewa fomu ya mtu yeyote tangu aanze kazi, anaambiwa tu mteja mpya huyu hapa, na kwamba kila paketi ya majani na kila mpango wa kupunguza mwili anaouza anapata chochote juu yake. Alisema, "Dada yangu mdogo kakonda sana siku hizi, hali chakula cha usiku, mimi namsifia." Kisha akanyamaza. Nilimpa namba ya kliniki. Hasira yangu juu yake iliisha pale pale ngazini, sina deni naye. Juu ya waliomfundisha kazi, ninalo.

Halafu kuna dada wa asubuhi. Huyu ndiye sababu bado nina kadi yao. Zamani alikuwa anakimbia mashindano, na aliniambia siku zake zilikatika miezi mingi akiwa kambini na wenzake wakawa wanafurahi kwamba ndiyo dalili ya mazoezi kukolea, hadi mfupa wa mguu ulipopasuka kwa kukimbia tu, bila kuanguka. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuja kuipa hali hiyo jina mwaka 2014: mwanamichezo anayetumia nishati kuliko anayokula. Kwa hiyo swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Umekunywa chai na nini?" Nikisema chai kavu, hanianzishii; ananipa ndizi mbili na kunisubiri. Hatukimbii. Tunanyanyua vyuma vidogo, tunachuchumaa na kuinuka, tunapumzika kuliko wanavyopumzika wengine. Moyo wangu bado unaenda mbio kwa kitu kidogo, na kuna siku magoti yanatetemeka kwenye seti ya pili. Siku hizo anaandika tu "imetosha" kwenye daftari lake. Daftari hilo halina uzito wa mtu. Lina nilichoinua, nilivyolala, nilichokula asubuhi. Kwa huyu dada ningetoa nyota tano na nyingine za kuazima.

Basi nikawa nimeshaamua kuwapa tatu. Nilikuwa naandika kwa moyo mweupe kabisa, tatu.

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya kununua mkaa, ikaingia meseji kwenye simu: "Mpendwa mwanachama, umri wa mwili wako ni miaka 51. Wahi ofa yetu uingie sikukuu ukiwa umepungua." Ina jina langu. Yaani wamehifadhi ile namba. Fomu yangu iliyotoboka wameshindwa kuisoma, lakini namba ya kukisia ya mashine wameiweka kwenye kompyuta na wataendelea kunitumia kila sikukuu. Na mimi nina mama mwenye macho. Ningekuwa bado mgonjwa, ninaishi peke yangu, meseji hiyo ingenikuta ninashika kijiko. Ni wangapi wameipata na kuamini?

Kwa hiyo nyota moja, na ni ya yule dada, wao hawana hata nusu. Nimeandika barua ya kutaka wafute namba yangu na watoe mashine mlangoni. Nimeipeleka mkononi na nakala imegongwa mhuri. Wakifanya hivyo nitarudi hapa kubadilisha.

Kama na wewe umepitia nilikopitia na unatafuta pa kuanzia mazoezi maeneo haya: niandikie faragha nikuelekeze. Njoo kabla ya saa moja asubuhi, uwe umekula, pitia ngazi za nyuma upande wa maegesho ambako hukutani na ile mashine, muulizie dada mwenye daftari la jalada jekundu. Ukiambiwa panda upimwe, kataa, hata kama foleni nyuma yako imefika barabarani. Na siku huyo dada akihama, mimi nahama naye siku hiyo hiyo.