TAHADHARI: Rekodi ya NTSA ni safi, pikipiki ni ya wizi. Soma kabla ya kununua nduthi ya kuuza tena

Kwa wanaonunua pikipiki za mtumba hapa Nairobi ili waziuze tena, hasa Boxer na TVS: kuna mtego unaowanasa hata watu waangalifu. Mtu analipa ada kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, anatoa rekodi ya NTSA (mamlaka inayosajili magari na pikipiki), anaona kila kitu kiko sawa, ananunua. Baadaye inagunduliwa ni ya wizi. Na rekodi haikudanganya.

Inafanyika hivi. Genge hununua kwa bei ya chuma chakavu pikipiki iliyogongwa ikaisha, lakini yenye logbuku (hati ya umiliki) halali. Kisha wanaiba nyingine ya aina na rangi ileile. Pleti za iliyokufa zinafungwa kwenye iliyo hai, namba ya chesisi inasagwa kwa grainda na kugongwa upya ifanane na logbuku. Ukiingiza namba ya pleti, unapewa habari za pikipiki iliyokufa. Ni habari za kweli, ila si za hiyo uliyoshika usukani. Tena rekodi huonyesha nani amesajiliwa. Usitegemee ikuambie kwamba mwenyewe ameibiwa jana usiku na bado anaandikisha OB (ripoti kwenye kitabu cha matukio cha polisi) kituoni.

Kwa hiyo chuma lazima kikubaliane na karatasi. Anzia shingoni, pale usukani unapozungukia. Pinda usukani hadi mwisho, pangusa shingo kwa kitambaa chenye petroli kidogo, halafu mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, si kwa mbele. Mwanga wa ubavuni unatoa kivuli, na kivuli ndicho kinachoonyesha mahali chuma kilipoliwa. Namba ya chesisi iliyogongwa hapo kiwandani ina jumla ya herufi na tarakimu 17, zimekaa mstari mmoja, kina kimoja. Bajaj za India huanza na MD2, TVS na MD6. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa kwenye namba hizi, kwa hiyo ukikuta Q, aliyegonga si kiwanda. Angalia pia rangi: shingo ikiwa inang'aa kuliko fremu yote, uliza ilipakwa lini na kwa nini ni hapo tu. Beba sumaku ndogo, hata ya spika kuukuu. Ikishika pembeni lakini ikateleza juu ya namba, chini ya rangi kuna fila, yaani lipu ya kuziba mashimo.

Kisha weka karatasi nyembamba juu ya namba na usugue kwa penseli mpaka itokee yote. Karatasi hiyo utailinganisha na logbuku ukiwa umekaa, bila mtu kukuharakisha, na utaihifadhi. Wengi huiona kazi ya bure. Ni kati ya vitu vichache vitakavyokutetea baadaye.

Namba ya injini iko kwenye ganda la injini, na hapo sumaku haina kazi kwa sababu ganda ni aluminiamu. Injini kutofautiana na rekodi si lazima iwe wizi, maana injini hubadilishwa, lakini mwenye haki atakuwa na risiti. Jaribu na ufunguo: kwenye Boxer ikitoka dukani, ufunguo wa swichi ndio unaofungua tangi. Swichi mpya na kifuniko cha tangi kilichochokonolewa ni dalili mbaya vikiwa pamoja.

Inua kiti pia. Nyaya zilizokatwa na kufungwa teipu huenda zilikuwa za traka, kifaa cha kufuatilia pikipiki ilipo, na huenda pikipiki iko kwenye mkopo. Hapo muuzaji anaweza kuwa mwenye pikipiki halisi, lakini hana ruhusa ya kuuza, na mkopeshaji ataifuata kwako.

Muuzaji mwenyewe utamtambua kwa maneno. “Boss, logbuku iko, mwenyewe yuko ushago (kijijini).” “Transfa tutafanya wiki ijayo.” Anataka mkutane kwenye steji au petroli stesheni, kamwe si nyumbani kwake. Bei ni nusu ya inayostahili, na pesa anataka zitumwe kwa laini yenye jina lisilo la kwenye logbuku. Hilo la mwisho pekee linatosha kukufanya uondoke.

Mwenye pikipiki halali hana shida kuketi nawe saiba, duka la intaneti. Anaingia akaunti yake mwenyewe, anaanzisha kuhamisha umiliki, nawe unakubali kwenye akaunti yako. Pesa zitoke baada ya hapo. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, ukiwa na namba ya chesisi, ya injini, kitambulisho, na saa ya makabidhiano. Saa, si tarehe tu.

Ukiiuza bila kuhamisha jina, ndipo hatari inapokuwa yako. Mnunuzi wako akikamatwa, atakutaja wewe. Nawe utamtaja nani? Namba ya simu iliyozimwa? Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 14 kwa anayeshughulika na mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Bei ya kutupa na kukosa karatasi vinaweza kugeuzwa kuwa hiyo sababu. Hata ukiepuka jela, pikipiki inarudi kwa mwenyewe, na mnunuzi wako ana haki ya kukudai pesa zake, kwa sababu chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa muuzaji anahesabiwa kuwa ameahidi ana haki ya kuuza.

Kama tayari unayo na umeanza kushuku, usiiuze, usiivunje spea, na usimrudishie aliyekuuzia. Kuiuza baada ya kushuku ndiko kunakokutoa kwenye kutojua hadi kwenye kujua. Hifadhi meseji zote, chapisha taarifa ya M-Pesa, tafuta wakili, mwende kituoni uandikishe maelezo na upewe namba ya OB.

Na kama ulishaiuza, mpigie mnunuzi wako leo. Mwambie aiegeshe asiipande tena, na mwende kituoni pamoja, kila mmoja na karatasi zake.