Subaru Forester Cross Sports ya farasi 220: uzoefu wangu Kampala

Nikisema gari langu lina nguvu za farasi 220, vijana wa Subaru hapa mjini hukunja uso. Wamezoea kutajiwa 300, 350, hata 400. Mimi bado nasema 220 wanatosha barabara zetu, na anayetaka zaidi awe na sababu.

Ni Forester Cross Sports ya 2005, injini ya lita 2.0 yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), gia za mkono. Nililinunua kwa mtu wa Ntinda. Sheria ya 2018 ilikataza kuingiza gari lililopita miaka 15, kwa hiyo Forester za umri huu zinazunguka humu humu nchini, na ukinunua unarithi kila alichofanya mwenyewe wa kwanza. Mpeleke fundi wako kwanza, siyo wa muuzaji.

Faida ya turbo utaiona mapema. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Yangu inapanda kilima cha Muyenga na watu wanne ndani bila kulalamika.

Lakini farasi hawa wanapata kazi yao ya kweli barabara ya Jinja. Pale msitu wa Mabira uko nyuma ya lori la miwa linalotambaa, mbele kuna kipande kifupi kilichonyooka, na basi linakuja kwa mbali. Gia ya tatu, unakanyaga, na kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa unakuwa umeshapita na kurudi upande wako. Hapo ndipo nguvu inaponunua usalama. Zaidi ya hapo sijui ningeipeleka wapi: hata Entebbe Expressway, ambako unalipa shilingi 5,000, mwendo wa mwisho ni 100. Mjini, kati ya matuta, mashimo na boda boda wanaotokea pande zote, nusu ya farasi wangu hawaamki kabisa.

Jirani yangu ana Impreza STI, Subaru ya mbio, aliyoifungia turbo kubwa. Ameniachia niiendeshe. Injini ikiwa chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika imelala, halafu nguvu yote inakuja kwa mpigo mmoja. Kwenye lami kavu unacheka. Mvua ikianza kunyesha juu ya vumbi, lami inateleza kama sabuni, na hata magurudumu manne yanayosukuma kwa pamoja hayatakusaidia kusimama. Kwenye foleni ya Wandegeya klachi yake nzito iliniumiza goti. Yeye anaipenda. Sawa, goti ni lake.

Kwa hiyo usitazame namba peke yake, uliza nguvu inaanzia wapi. Makampuni ya Japani yenyewe yaliwekeana ukomo wa farasi 280 tangu 1989 hadi 2004, na magari ya wakati ule hakuna anayeyaita dhaifu.

Fundi mmoja aliwahi kunishawishi aguse kompyuta ya gari anipatie 300. Nilikataa. Injini hizi Japani zilitengenezewa petroli ya daraja la juu. Ukiongeza presha ya turbo huku unajaza petroli ya kawaida, injini itagonga, yaani petroli italipuka ovyo ndani yake, na pistoni zinaweza kupasuka. Pesa ile niliipeleka kwenye tairi nzuri, breki padi na shokamzoba, na gari likawa kali zaidi kwenye kona.

Mabaya? Linakunywa mafuta kwelikweli kwenye foleni, na oili ya injini lazima uikague mara kwa mara. Vipuri havisumbui, soko la Kisekka vimejaa, ila vya bandia ni vingi kuliko vya kweli.

Mwenye familia anayekwenda Mbarara au Mbale mara kwa mara, ninampendekezea bila wasiwasi. Anayeng'ang'ania STI, achukue ambayo haijaguswa tangu kiwandani, na apime kwanza kama inapita matuta ya mtaani kwake bila kukwaruza tumbo.